Padre Asipofika Kigangoni



Tangu janga la UVIKO-19 lilipopungua, yamesemwa mengi juu ya barakoa, nyungu na chanjo. Machache sana yamesemwa juu ya jambo moja ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulilishuhudia kwa macho: kazi ya kimisioni iliendelea wakati ambapo wale ambao kwa kawaida husafiri kwa ajili yake walizuiliwa kusafiri, au walijizuia wenyewe. Ni nani aliyeiendesha? Na baada ya kuiendesha alipata nini? Haya ndiyo tunayotaka kuyaweka mbele yenu, kwa kuwa tunaona yanaanza kusahaulika, na wapo watu wanaoumizwa na kusahau huko.

Tukumbushane kwanza mwenendo wa mambo. Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyekuwa ametua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na punde vyuo vikafuata. Wageni walioingia nchini walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 18 Mei. Makanisa na misikiti havikufungwa. Tarehe 22 Machi Hayati Rais John Magufuli, akiwa ndani ya Kanisa Kuu la Dodoma, aliwahimiza wananchi waendelee kukusanyika kusali. Mabasi nayo yaliendelea kukimbia kati ya Dar es Salaam, Iringa, Mbeya na Tunduma.

Kwa hiyo mtu anaweza kutuuliza: ni zuio gani la safari mnalolizungumza ninyi watu wa Mbeya na Iringa, ambao mlipanda basi siku zote? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo.

Zuio la kwanza lilikuwa mpakani. Mwezi Mei 2020, baada ya wagonjwa wengi kugunduliwa Nakonde, Zambia iliufunga mpaka wake na Tunduma kwa siku kadhaa, na hata ulipofunguliwa kwa ajili ya mizigo, upimaji uliwachelewesha madereva kwa muda mrefu. Anayeijua Tunduma anajua maana yake. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga barabarani kama treni isiyo na mwisho. Madereva hupika chini ya matela na kulala humo humo. Katika siku zile watu walianza kuwaogopa madereva kana kwamba wao ndio ugonjwa. Mama lishe aliyewauzia chakula alisemwa, na aliyekataa kuwauzia alikosa riziki. Hapo parokia za mpakani zilipata utume ambao haukuwa umeandikwa katika mpango wowote wa kichungaji: kuwahudumia wasafiri waliokatazwa kusafiri.

Zuio la pili lilitoka mbali zaidi. Wamisionari waliokuwa likizo Ulaya hawakuweza kurudi. Marafiki wa parokia zetu kutoka Italia na Ujerumani, wenye desturi ya kuja wakati wa kiangazi kuona kisima, zahanati au bweni walilochangia, hawakuja. Na wasingeweza kuja, kwa maana mwezi Machi 2020 huko Bergamo, katika kaskazini ya Italia, wao wenyewe walikuwa wakizika watu wengi kila siku, mapadre wengi wakiwamo. Ilitokea jambo geni: vigango vyetu maskini viliwaombea wafadhili wao kwa majina, Jumapili baada ya Jumapili. Sala hizo zilikuwa nzuri. Lakini hesabu za parokia zilituonyesha jambo jingine, kwamba baadhi ya huduma tulizoziita zetu zilikuwa zikisimama kwa mguu wa mtu aliye ng'ambo ya bahari. Alipofungiwa yeye nyumbani kwake, zahanati ya kwetu ilikosa dawa.

Zuio la tatu halikuwekwa na serikali yoyote, nalo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Padre wa Nyanda za Juu ni msafiri kwa kazi yake. Parokia moja yaweza kuwa na vigango kumi au kumi na vitano, vingine juu milimani Ileje au Kilolo, ambako wakati wa masika pikipiki husukumwa kuliko inavyopandwa. Siku ya Dominika padre huyo huyo huadhimisha Misa kigango kimoja, hushika mikono ya watu mia mbili, huingia nyumbani kwa mgonjwa na kuinama karibu na uso wake, kisha huvuka mto kwenda kigango kingine afanye vivyo hivyo. Hakuna mtu kijijini anayekutana na watu wengi wa mahali pengi kama yeye, isipokuwa labda kondakta wa Coaster na mnunuzi wa viazi. Basi sheria za nchi zilimruhusu kwenda popote. Dhamiri ndiyo iliyomuuliza: unapokwenda, unawapelekea Ekaristi peke yake, au na kitu kingine pamoja nayo?

Wapo waliosema, na wengine bado wanasema, kwamba kusita kwenda kulikuwa ni upungufu wa imani. Hatukubaliani nao. Mtakatifu Karoli Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, wakati wa tauni ya mwaka 1576 alikwenda kwa wagonjwa yeye mwenyewe, na wakati huo huo aliagiza altare zisimikwe kwenye njia panda za mji ili watu wafuate Misa wakiwa madirishani mwao, wasisongamane. Hakuona kwamba upendo na tahadhari vinagombana. Mwezi Machi 2020 Makao Makuu ya Kanisa huko Roma yalitoa maelekezo yaliyoacha ibada ya kuwaosha watu miguu siku ya Alhamisi Kuu, na kufafanua ni wakati gani maondoleo ya jumla ya dhambi yangeweza kutolewa. Na jioni ya tarehe 27 Machi Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alisali katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Hapa kwetu, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisitisha kwa muda Misa za hadhara jimboni mwake, ingawa serikali haikumtaka afanye hivyo. Je, hawa wote walipungukiwa na imani? Kiongozi wa misioni hapimwi kwa kilometa alizotembea. Wakati mwingine kubaki ndiyo safari yake ngumu.

Lakini padre akibaki, kigango hakibaki bila mtu. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu.

Katekista hakusubiri waraka. Mahali pengi yeye ndiye aliyefunga kibuyu chirizi mlangoni pa kanisa na kusimama hapo mwenyewe kuwaelekeza wazee namna ya kunawa. Yeye ndiye aliyewagawa waamini kwa jumuiya, ili ibada ya Neno la Mungu ifanyike nyumba kwa nyumba badala ya wote kubanana katika kikanisa chenye madirisha mawili. Ndiye aliyewafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza chini ya mti wakati shule zimefungwa. Ndiye aliyeitwa usiku. Na mtu alipofariki, ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza, kwa maana ya kwamba hakuna mwingine.

Tusipambe mambo. Katekista hawezi kuondolea dhambi wala kutoa Mpako wa Wagonjwa, na wapo ndugu zetu waliokufa katika miezi ile wakimwita padre ambaye hakufika. Familia zao bado zinalibeba jambo hilo, na hatuna haki ya kuziambia kwamba si kitu. Tunachosema ni kwamba hawakufa peke yao. Kulikuwa na mtu wa Kanisa aliyeketi kando ya mkeka, akaongoza sala za kutubu, akawashika mkono bila glavu wala barakoa, kwa sababu hakuna aliyempa.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Majeshi ya Waingereza yalipoingia Iringa mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani, Wabenediktini kwa upande wa Wakatoliki, na Waluteri na Wamoraviani kwa ndugu zetu wa Njombe na Rungwe, waliwekwa kizuizini na kuondolewa nchini. Kisha mwishoni mwa mwaka 1918 yakaja yale mafua makuu ya dunia nzima, yakisafiri kwa meli, kwa reli na kwa misafara ya wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919. Katika miaka hiyo ya katikati, yenye vita, njaa na mafua, walioshika imani katika vijiji vyetu walikuwa walimu na makatekista wenyeji. Vitabu vya historia ya misioni huandika kwa makini mapadre gani waliondoka na mapadre gani walifika. Majina ya waliobaki ni shida kuyapata.

Kuna jambo jingine ambalo haki inadai tuliseme wazi, nalo ni ukweli. Mtu hawezi kuamua kama aende au abaki ikiwa hajui huko anakokwenda kuna nini. Baada ya mwanzo wa Mei 2020, takwimu za wagonjwa hazikutolewa tena. Taifa lilibaki na hesabu ya wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka mzima, na mwezi Juni tukatangaziwa kwamba korona imekwisha. Lakini misiba haikusoma tangazo hilo. Wimbi la mwanzo wa mwaka 2021 lilipokuja, tulisikia makaburini msemo mpya: marehemu alikuwa na “changamoto ya upumuaji”.

Sisi watu wa mikoa hii tungepaswa kuutambua msemo huo mara moja, kwa kuwa tulikwisha kuwa na ndugu yake. Katika miaka ya 1980 na 1990 tulizika vijana wetu “walioumwa kwa muda mrefu”, na kila mmoja makaburini alijua na kila mmoja alinyamaza. Tulilipa gharama ya ukimya ule. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, yaani mikoa yetu ndiyo iliyoongoza nchini. Watu waliopita katika shule hiyo hawakupaswa kurudishwa darasa la kwanza.

Ndiyo maana tunaona fahari, na hatuoni haya kusema hivyo, kwamba sauti ya kwanza iliyosikika wazi ilitoka kwa mchungaji wa huku kwetu. Mwishoni mwa Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, aliyekuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania wakati huo, alitoa waraka wa kutahadharisha juu ya wimbi jipya la maambukizi, akiwakumbusha waamini kwamba nchi yetu si kisiwa na kwamba sala na tahadhari huenda pamoja. Mapema mwezi Machi, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili. Baadaye, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mambo yalibadilika: iliundwa kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 Rais mwenyewe alichanjwa mbele ya watu wote.

Ila tuangalie vizuri hesabu ile ya mapadre na masista. Imetajwa na yafaa itajwe, kwa maana walitoa uhai wao. Lakini makatekista waliofariki katika miezi hiyo hiyo walikuwa wangapi? Hawa ndio walioingia katika nyumba za “changamoto ya upumuaji” bila kuambiwa ni changamoto gani, na kuosha na kuzika wasiojua walikufa kwa nini. Ukimya wa wakubwa uliwaumiza wao kwanza. Hesabu yao hatujaisikia ikitajwa katika tangazo lolote.

Na hapa tusiishie kuilaumu serikali, kwa kuwa rejista za vigango ziko mikononi mwa Kanisa.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya kimisioni, namba 17, uliwasifu makatekista na kutaka wapate malipo ya haki yanayowawezesha kuishi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 231, inasema kwamba walei wanaojitoa kwa utumishi wa pekee wa Kanisa wana haki ya kupata malipo yanayostahili, pamoja na bima na matunzo ya afya. Na tarehe 10 Mei 2021, katikati kabisa ya janga, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka uliofanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa zima. Maneno ya Kanisa, basi, hayakosekani. Tukitoka katika maneno hayo na kwenda kigangoni tunakuta nini? Mahali pengi tunakuta debe la mahindi wakati wa mavuno, vitenge viwili siku ya somo wake, na bahasha ambayo mwaka 2021 na 2022, bei ya mbolea ilipopanda hata serikali ikalazimika kuweka ruzuku, isingenunua mfuko mmoja.

Tunajua jibu litakalotolewa, kwa sababu tumelisikia vikaoni mara nyingi: ukatekista ni wito, na ukiutia fedha utaharibika, tutapata watu wa mshahara badala ya wachungaji. Hoja hii hutolewa kwa moyo mwema, lakini mara nyingi hutolewa na mtu mwenye kazi nyingine. Upadre nao ni wito, na hatujasikia halmashauri ikipendekeza padre alime mwenyewe, ajitibu mwenyewe na ajinunulie petroli, ili wito wake usiharibike. Bwana alipowatuma wale sabini na wawili alikwisha kulitolea neno suala la mtenda kazi na ujira wake, wala hakubagua kati ya mwenye daraja na asiye nayo.

Wala hatudai mambo makubwa yasiyowezekana. Wakati wa janga, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Parokia yenye vigango kumi na viwili ingewakatia bima makatekista kumi na wawili pamoja na wake na watoto wao kwa shilingi 360,000. Linganisheni na gharama ya jubilei moja ya padre: ng'ombe, mahema, vipaza sauti, keki ya ghorofa tatu na fulana zenye picha yake. Tunapenda jubilei, na keki tumekula. Lakini fedha ile ilipatikana kwa wiki sita tu za michango ya jumuiya, tena kwa furaha. Sasa taifa lina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, na viwango vitakuwa vingine. Swali litabaki lile lile, nani atamlipia mtu ambaye Kanisa linamwita usiku.

Tunalisema hili sasa, si kwa ajili ya kulilia yaliyopita. Mkoa wa Kagera umepata ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena Januari 2025, na barabara kuu ya kwenda Zambia haijapungua malori. Siku moja tena padre hatafika kigangoni, kwa amri ya serikali au kwa amri ya dhamiri. Siku hiyo haitakuwa na nafasi ya kuuliza nani anaruhusiwa kupeleka Komunyo kwa wagonjwa, nani ana glavu, nani anajua namna ya kuzika kwa usalama bila kumvunjia marehemu heshima yake. Wahudumu wa Ekaristi wasio wa kawaida waandaliwe katika kila kigango sasa, si parokiani peke yake. Sista muuguzi wa zahanati aombwe awafundishe makatekista kwa siku mbili; ni jambo dogo, naye atafurahi. Na rejista ya makatekista wote waliofariki kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka 2021 iandikwe katika kila parokia, jina, kigango, tarehe na kilichowaua ikiwa kinajulikana, kisha ipelekwe jimboni, Mbeya na Iringa na hata Mafinga, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Iringa. Wajane wao wanafahamika. Wengine wao tunawapita wameketi kwenye benchi la nyuma.

Parokia nyingi huketi kupanga bajeti kabla ya Majilio. Tunawaomba wenyeviti wa halmashauri za walei kwamba katika kikao hicho mstari wa makatekista usomwe kabla ya mstari wa sherehe, na mweka hazina ausome kwa sauti, makatekista wenyewe wakiwapo.